Nyumba Ikiwa Bado Karatasi: Hotuba kwa Majirani Zangu Kuhusu Kibali cha Ujenzi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mtendaji wetu, wajumbe, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana wangu mafundi mliokaa kule nyuma chini ya mwembe: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Hiyo karatasi kubwa mnayoiona mezani, iliyowekewa mawe manne isipeperuke, ni nakala ya mchoro wa mipango miji wa eneo letu. Nimeiomba ofisi ya ardhi wiki iliyopita, nikalipia, nikapewa. Nitairudia mwisho. Kwa sasa naomba ibaki pale pale, na watoto tuwaangalie wasiivute.

Kwa miaka 26 nimekuwa fundi sanifu majengo. Kazi yangu ilikuwa kupitia ramani zinazoletwa kuombewa kibali, kisha kwenda saiti kuona kama kinachojengwa ndicho kilichochorwa. Sasa nimestaafu. Leo nasema nanyi kama jirani mwenye nyumba ya vyumba vitatu pale nyuma ya msikiti. Mwenyekiti ameniita kwa sababu tangu barabara yetu ichongwe, kila kona ina lundo la mchanga na kokoto, na wengi wanaojenga hawana kibali. Ninachokiamini nakisema mapema: mtu akijenga bila kibali, manispaa inapoteza ada, lakini yeye anapoteza nafasi pekee ya kuonyeshwa kosa wakati kosa lenyewe bado ni mstari wa penseli.

Nimewahi kupaka X, ile alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, kwenye nyumba za watu. Kwa mkono huu. Asubuhi moja tulifika kwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi barazani kwake. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi ya inchi mbili. Alipotuona na makaratasi alifurahi, akadhani tumekuja kuandika namba za nyumba, zile za anwani za makazi. Akatutolea stuli. Akaniambia, "Andika hapa baba, karibu na mlango, usichafue ukuta, nimepaka rangi juzi." Mwenzangu akaniangalia. Nikamweleza tulichojia.

Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mna karatasi ya mauziano yenye mhuri na saini za mashahidi wanne, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Kiwanja cha hatua 20 kwa 20, kimepimwa kwa miguu ya muuzaji. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi ile kilikuwa kweli. Muuzaji ndiye aliyekuwa mwenye shamba, mashahidi walikuwepo, fedha zililipwa zote. Lakini kwenye mchoro wa mipango miji, uliopitishwa miaka kadhaa kabla mama yule hajanunua, pale alipojenga palikuwa barabara ya mita 12. Nikapaka. Maandazi yakaungua kwenye karai, hakuna aliyekumbuka kuyaepua.

Ndugu zangu, nimejiuliza miaka mingi mama yule angeokolewa na nini. Angeokolewa na safari moja ya ofisi ya ardhi kabla ya kutoa fedha. Au hata baada ya kununua, angeokolewa siku ile ambayo angepeleka ramani kuomba kibali, kwa sababu swali la kwanza linaloulizwa pale mapokezi halihusu nyumba kabisa. Unaulizwa kiwanja kiko wapi, kina namba gani, na mchoro unasema hapo pawe nini. Makazi? Soko? Shule? Barabara? Angerudishwa siku ile ile. Angekuwa amepoteza fedha za kiwanja, na hilo ni pigo, lakini asingezika juu yake tofali, saruji, bati na miaka tisa ya kuuza maandazi.

Kwa hiyo anayetaka kujenga asianze na fundi wala asianze na ramani. Aanze na kiwanja. Peleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi, wakuonyeshe kwenye mchoro. Kama kiwanja kimepimwa, mwombe mpima akuonyeshe biconi zako, zile nguzo fupi za zege zenye chuma kilichoandikwa herufi na namba, na uziangalie kwa macho yako, zote, si moja. Nimeona mtu aliyejenga nusu ya nyumba yake kwenye kiwanja cha jirani kwa sababu biconi moja ilikuwa imefukiwa na mchanga wa mvua na fundi akakisia. Kama kiwanja hakijapimwa, na wengi wetu huku ndivyo tulivyo, mhuri wa Serikali ya Mtaa kwenye mauziano unathibitisha kwamba mmeuziana mbele ya mashahidi. Hauthibitishi kwamba hapo panaruhusiwa nyumba. Mwenyekiti hapa atanisamehe, na nafikiri anakubaliana nami.

Kuna mistari miwili ambayo haionekani chini lakini sheria inaiona. Wa kwanza ni wa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipotokea X za rangi mbili mnazozikumbuka. X ya kijani ni ya yule aliyefuatwa na barabara: alikuwapo nje ya mpaka wa zamani, mpaka ukamjia, anastahili fidia. X nyekundu ni ya yule aliyeifuata barabara. Walioshuhudia bomoabomoa ya Kimara, hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa, wanajua uzito wa alama hiyo.

Mstari wa pili ni wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari, ziwa au bwawa, kama ni za kudumu au zinaweza kuharibu mazingira ya pale. Desemba 2015 nyumba za bonde la mto Msimbazi zilipoanza kuvunjwa, wengi walisema serikali haina huruma. Niliumia pamoja nao, nina ndugu waliokuwa pale. Lakini pia nimetembea Jangwani asubuhi baada ya mvua za masika, maji yakiwa yamefika kwenye madirisha, na nimemwona mtu akitoa godoro lililolowa juu ya paa. Mto haujui hati. Na kwa jirani zetu Kenya, Aprili 2016, jengo la ghorofa pale Huruma, Nairobi, lililokuwa pembeni ya mto na lilikuwa limekwisha amriwa livunjwe, lilianguka usiku wa mvua kubwa watu wakiwa ndani. Waliokuwa wamepanga mle hawakuwa na namna ya kujua kwamba jengo lao lilikuwa na amri hiyo.

Sasa tuseme kiwanja kiko salama. Tuje kwenye ramani.

Siku hizi ramani zinauzwa kwenye simu. Unaona picha nzuri, nyumba ya kisasa, paa limejificha, unatuma fedha kidogo unatumiwa. Sina ugomvi na picha nzuri. Shida ni kwamba ramani ile haijawahi kukiona kiwanja chako. Haijui kama udongo wako ni kichanga au mfinyanzi ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Haijui jua linazamia wapi, wala jirani amechimba kisima upande gani. Manispaa inataka ramani iliyochorwa na kugongwa mhuri na mtaalamu aliyesajiliwa, kwa sababu mhuri una jina na namba, na jina lina mtu wa kuulizwa. Wabunifu majengo wana bodi yao ya usajili, wahandisi wana yao, makandarasi wana yao yenye madaraja 1 mpaka 7. Mtu akikuambia yeye ni mhandisi, muulize namba yake ya usajili, kisha ipigie simu bodi. Hutakuwa umemkosea adabu. Daktari hatundiki cheti ukutani kwa kujisifu.

Na ukitaka kupanda juu, hata ghorofa moja tu, kuna michoro ya pili: ya nguzo, bimu na slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, inayoonyesha nondo ngapi, unene gani, na ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, zikae umbali gani. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Kijana mmoja alikuwa anafanya kazi Muscat, Oman. Alikuwa anatuma fedha kwa kaka yake amjengee nyumba ya ghorofa moja huku kwetu. Kila Ijumaa kaka anamtumia video: tofali zimefika, msingi umeisha, nguzo zimesimama. Kijana anaonyesha wenzake, wanampongeza. Kibali hawakuwa nacho. Nilipita pale nikiwa kazini, siku moja kabla ya kumwaga slabu. Saruji imepangwa, mashine ya kuchanganyia zege imekwishaletwa, vijana kama 20 wameambiwa waje alfajiri. Nikaomba kupanda juu.

Nondo zilikuwa zimelala juu ya mbao zenyewe. Hakukuwa na kitu cha kuziinua, hata kijiwe cha zege cha kidole kimoja. Ukimwaga hivyo, siku ya kufumua mbao utaziona nondo kwa chini, zimechungulia, na hewa yetu hii ya pwani yenye chumvi itazila. Nikashuka kwenye nguzo. Nondo za nguzo zilikuwa milimita 10, nyembamba kwa kubeba ghorofa. Ringi, nilipanua kiganja hivi, shubiri moja na nusu kutoka ringi hadi ringi, mbali mno. Mirunda iliyobeba kila kitu ilisimama juu ya udongo wa kujaza, haina hata kipande cha ubao chini. Nikamuuliza fundi mkuu michoro ya nguzo iko wapi. Akanionyesha simu. Ilikuwa picha ya nyumba iliyokwisha pakwa rangi, ina maua mbele.

Nikaandika kwenye ukuta SIMAMISHA UJENZI. Kaka mtu akapiga simu Muscat, akanipa niongee. Kijana yule alianza kwa hasira, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, sema unataka nini." Nilimwelewa. Alikuwa amezoea kwamba mtu wa ofisi akisimamisha kazi, anataka kitu. Nikamwambia afungue kamera. Nikashika futi, nikaiweka kati ya ringi na ringi, nikamwambia asome mwenyewe. Akasoma. Nikampeleka kwenye mirunda, nikaupiga mmoja teke dogo, ukasogea. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kaka aliniambia kila kitu kiko sawa." Na kaka hakuwa mwizi, ndugu zangu. Kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alichokiona ni nguzo zimesimama, akasema zimesimama.

Walitafuta mhandisi. Nguzo mbili zilivunjwa na kujengwa upya, nyingine zikaongezewa. Kazi ilichelewa wiki tano. Gharama ya kuvunja na kurudia ilikuwa mara nyingi ya ada ya kibali ambayo walikuwa wameikwepa. Nyumba ile ipo hadi leo, ina familia, juu kuna watoto.

Hiki ndicho kinachonifanya nisimame mbele yenu. Katika nyumba, vitu vinavyobeba uhai havionekani kazi ikiisha. Rangi unaiona, marumaru unaiona, dari unaiona. Msingi umezikwa. Nondo zimezikwa. Huwezi kuzikagua ukiwa umekwishahamia. Ndiyo maana kibali si karatasi ya siku moja. Kinakuja na ukaguzi wa hatua. Mkaguzi anatakiwa aitwe mashimo ya msingi yakiwa wazi, kabla zege halijaingia. Aitwe tena kabla ya jamvi, ile sakafu ya zege ya chini, kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kabla ya slabu kama kuna ghorofa, na kabla ya kuhamia. Mkaguzi asipokuja, mfuate. Msisitizieni. Ni haki mliyoilipia.

Na mnajua yanayotokea hatua hizo zikirukwa. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa zaidi ya 10 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji letu, lilianguka likaua watu 36. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, asubuhi, maduka yamefunguliwa, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wengine walikuwa wamekuja kununua mzigo tu. Mimi siku ile nilikuwa nyumbani na redio, na kila walipotangaza kwamba kuna sauti imesikika chini ya kifusi, nilikuwa nafikiria vyumba vya chini vinavyochimbwa usiku chini ya majengo ya zamani, na ghorofa zinazoongezwa juu ya nguzo zilizokusudiwa kubeba nusu ya mzigo huo. Simsemei mtu wa jengo lolote. Nasema nilichokikuta mara nyingi kazini: mtu ana kibali cha ghorofa mbili, biashara ikimkubali anaweka ya tatu, na kibali cha zamani bado kimetundikwa ukutani. Kibali kile hakikuruhusu hilo. Ukiongeza, ukichimba, ukigeuza nyumba ya kulala kuwa ghala la saruji au kiwanda cha tofali, unaomba upya, kwa sababu uzito umebadilika.

Niseme kidogo kuhusu choo, maana watu huona aibu kulizungumza na baadaye linawatesa. Afisa afya akiitazama ramani yako anatafuta mambo ya kawaida kabisa. Shimo la maji taka liko umbali gani na kisima, chako na cha jirani? Huku tunachimba visima vifupi, na kinachoingia ardhini kwako kinaweza kutokea kwenye ndoo ya mwenzako. Mita 30 ndio umbali ambao wataalamu wa afya hupenda kuuona. Halafu, gari la kunyonya litafikaje? Nina jirani, anajua namsema kwa wema na amenipa ruhusa, aliyejenga shimo nyuma ya nyumba na kufunga pande zote kwa ukuta. Shimo lilipojaa, mpira wa gari ilibidi upitishwe mlango wa mbele, sebuleni, koridoni, hadi mlango wa jikoni, makochi yametolewa nje. Mstari mmoja kwenye ramani ungelihamisha shimo lile mbele.

Zimamoto nao wanaangalia njia ya gari lao, na pa kutokea kama mlango mkuu unawaka. Nondo za madirishani tumezizoea kwa ajili ya wezi. Acheni dirisha moja la kila upande wa vyumba lenye nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali watoto wanapafahamu.

Nisiifiche na aibu yetu sisi tuliokuwa ndani ya ofisi. Nimeliona faili likikaa mezani miezi minne kwa kukosa saini moja. Nimewaona watu wazima, mama zangu, wakiambiwa njoo kesho mara sita. Nimesikia maneno ya "tuangalie tutakusaidiaje", na mnajua maana yake. Wengi mliojenga bila kibali hamkuanza kwa ukaidi. Mlikwenda, mkachoka, mvua ikakaribia, tofali zikaanza kuibwa, mkajenga. Hilo linaniuma, kwa sababu kila aliyechoshwa pale dirishani ni nyumba ambayo hakuna mtu aliyeikagua.

Kwa hiyo jilindeni. Ukipeleka maombi, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na utoke nayo. Malipo yote ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, kupitia benki au simu, na risiti inarudi. Anayetaka fedha mkononi, hata awe na kitambulisho shingoni, hachukui ada ya kibali. Ramani ikikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ukiambiwa kwa mdomo tu utakwenda kurekebisha kitu kimoja na kurudi kuambiwa kingine. Siku zikipita, andika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani. Barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe huamsha faili kuliko safari kumi. Na kibali kikitoka, kisome chote, na nyuma pia. Kina muda wake na masharti yake.

Nilipofika hapa, Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele alinyanyua fimbo yake. Nikampa nafasi. Akauliza, "Sasa mwanangu, sisi tuliojenga miaka 15 iliyopita bila hicho kibali, umekuja kututisha?"

Hapana, baba yangu. Na nashukuru umeuliza, kwa sababu hapa wengi ni wa kundi lako. Nyumba yako ya chini, yenye kuta zilizotulia, haikuanza kuwa hatari leo asubuhi. Serikali yenyewe ilitambua kwamba sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kabla ya kupimwa, ndiyo maana kulikuwa na leseni za makazi, na baadaye ule mpango wa urasimishaji wa mwaka 2013 hadi 2023 ambao wengine hapa mlichangia fedha za upimaji. Kama urasimishaji ulifika kwako na hukumalizia hati, malizia. Kama hukuhusika, ulizia kwa Mtendaji umefikia wapi. Lakini kuna mambo mawili nakuomba. Mwanao akija na wazo la kuongeza ghorofa juu ya nyumba hiyo, asianze na fundi, aanze na mhandisi aje afukue pembeni ya msingi aone ulivyo. Na ukijenga hata banda la biashara mbele, hilo jipya liombee kibali. La zamani tunalirekebisha taratibu, jipya tuanze nalo vizuri. Siku ya fidia, siku ya mkopo, siku watoto wanagawana, karatasi ndiyo itakayokuwa inasema kwa niaba yako.

Kisha kijana mmoja kutoka chini ya mwembe akasimama. Alikuwa na saruji kwenye ndala. Akasema, "Mzee, sisi tunalipwa kwa siku. Bosi akisema mwaga, tunamwaga. Tukikataa anamwita mwingine."

Mwanangu, nimekusikia, na sitakujibu kama mtu ambaye hajawahi kulipwa kwa siku. Nilianza kazi hii kama saidia fundi, nabeba ndoo. Najua jioni bila posho ikoje. Lakini nikuulize: slabu ile ya kijana wa Muscat ingeshuka, nani angekuwa chini yake? Mwenye nyumba alikuwa Oman. Kaka mtu alikuwa darasani. Chini ya mirunda mngekuwa ninyi. Kwa hiyo hata kama huwezi kukataa kazi, uliza mambo mawili kabla hujapanda: kibali kiko wapi, na michoro ya nondo iko wapi. Uliza kwa heshima, mbele ya wenzako. Bosi mwenye navyo atakuonyesha kwa fahari. Asiye navyo, ninyi nyote mtakuwa mmemsikia akibabaika. Na ninyi wenye nyumba mnaonisikia, fundi akikuuliza swali hilo usimfukuze. Huyo ndiye wa kumkabidhi ufunguo wa stoo.

Mfuko mmoja wa saruji usitoe tofali 60. Zege ni moja, mbili, nne: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji ya kiasi, lisiwe uji. Mchanga wa baharini usiingie kwenye zege lenye nondo. Jamvi na slabu mwagilieni maji angalau siku saba, asubuhi na jioni. Haya hayahitaji ofisi yoyote, na vijana mnayajua kuliko mimi. Nayasema ili mwenye nyumba ayasikie kwa masikio yake na asimwambie fundi apunguze.

Muda niliopewa umeisha na jua limefika kichwani. Mtendaji, naomba uniondolee jiwe hilo la kona, tuigeuze karatasi ielekee kaskazini kama mtaa ulivyo. Msikiti uko hapa. Hii ni njia ya kwenda shule. Mstari huu mpana wa katikati ni barabara ya mita 15 ambayo haijachongwa bado, inaanzia kwenye mwembe huo na kushuka mpaka bondeni, na najua kuna watu sita hapa wenye tofali juu yake na bado hawajachimba msingi. Njooni mmoja mmoja, msisukumane. Nina penseli. Mzee wangu mwenye fimbo, tuanze na wewe.